Asili ya Jina la Stanley na Safari Yake Hata Karagwe

Mwanafunzi mmoja wa darasa langu, mzaliwa wa Kyerwa, alinijia siku moja na fomu mkononi. Kisanduku cha kwanza kilidai jina lake, cha pili jina la baba, na cha tatu jina la ukoo. Viwili vya kwanza alikuwa amekwisha kuvijaza. Katika cha tatu alisita. Vyeti vyake vyote vya shule vilimwita Stanley kwa jina la mwisho, naye alijua vema ya kuwa hapana ukoo wa Stanley katika nchi ya Wanyambo. Nilimshauri aandike kama vyeti vilivyosema, kwa maana ofisi hazipendi mageuzi. Jibu langu mwenyewe halikuniridhisha, nikaanza kulifuata jina lile nyuma hata kwao.

Kwao ni Uingereza, na umri wake ni mkubwa. Katika Kiingereza cha kale neno la kwanza la jina hili lilikuwa na maana ya jiwe, na la pili maana ya mahali palipofyekwa katikati ya msitu. Stanley basi ni uwanda wenye mawe. Viko vijiji vingi vya jina hilo nchini Uingereza, katika Derbyshire, Durham, Wiltshire na kwingineko, na mtu aliyehama kutoka kimojawapo aliitwa kwa mahali alipotoka, kama vile sisi tusemavyo Mmanga au Mtumbatu. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo katika mwaka wa 1066, desturi ya kurithishana majina namna hiyo ilienea kidogo kidogo. Jina likapanda cheo pia: katika mwaka wa 1485 Thomas Stanley alifanywa mtawala mwenye daraja ya Derby, baada ya vita vya Bosworth vilivyompa ufalme mwanawe wa kambo, Henry wa Saba.

Lakini Stanley aliyefika kwetu hakuwa wa nyumba hiyo, wala hakuwa Stanley kwa kuzaliwa. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka wa 1841, akabatizwa John Rowlands, na daftari la ubatizo likaandika bila huruma ya kuwa ni mtoto wa nje ya ndoa. Alipokuwa na umri wa miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini huko St Asaph, akalelewa humo. Alipopata ujana alipanda jahazi la kwenda Marekani, na huko New Orleans akajitwalia jina la tajiri mmoja wa biashara ya pamba, Henry Hope Stanley. Yeye mwenyewe alisimulia ya kuwa tajiri huyo alimfanya mwana. Waandishi wa maisha yake wameichunguza hadithi hiyo na wengi hawaiamini. Hata jina la kati, Morton, alilipata baada ya kujaribu mengine mawili matatu, kama mtu ajaribuye kofia dukani. Jambo hili silisemi kwa kumdhihaki. Mtoto aliyeandikwa vile katika daftari alikuwa na sababu ya kutafuta jina jingine.

Jina hilo la kuokota ndilo lililokuja Ujiji kumtafuta Livingstone katika mwaka wa 1871, na ndilo lililoingia katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Kagera miaka minne baadaye. Kuingia kwake hakukuwa kwa heri. Katika Agosti ya mwaka wa 1875 Stanley aliwapiga watu wa kisiwa cha Bumbire kwa bunduki kutoka mitumbwini, kulipa kisasi cha ugomvi wa miezi michache nyuma, akaua makumi ya watu, kisha akayaandika hayo magazetini kwa mkono wake. Hata huko Uingereza walikuwako waliochukizwa. Mapema katika mwaka wa 1876 mtu huyohuyo alifika Karagwe, na Mfalme Rumanyika akampokea kwa upole, kama alivyokuwa amewapokea Speke na Grant katika mwaka wa 1861. Kwa msaada wa mfalme aliingia mto Kagera na mashua yake, Lady Alice, ambayo wapagazi waliichukua vipande vipande tangu pwani.

Wageni hao walikuwa na tamaa ya kuita. Ziwa dogo karibu na ikulu ya Bweranyange liliitwa Windermere na Speke na mwenzake, kwa kuwa lilifanana na ziwa la kwao. Stanley naye akauita Kagera Nile ya Alexandra, kwa heshima ya binti wa kifalme. Majina yote mawili yalibaki katika vitabu. Hapana mchungaji wa Karagwe aliyenywesha ng'ombe wake katika Alexandra. Lakini jina la mwenyeji limedumu: katika mwaka wa 2019 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, sambamba na ile ya Ibanda-Kyerwa. Shina la Rumanyika ni *okumanya*, yaani kujua, na *okumanyika* ni kujulikana. Msomaji wa tenzi za pwani hatalihitaji kamusi hapa, kwa maana kumanya ni neno lake pia.

Magharibi, katika Kongo, Stanley alipewa jina na wenyeji: Bula Matari, mvunja mawe, kwa sababu ya miamba aliyoipasua akitengeneza njia. Sidhani ya kuwa walioliita walijua maana ya jina lake la Kiingereza. Hata hivyo mtu wa uwanda wa mawe aliitwa mvunja mawe, na jina hilo la pili likaja kuwa jina la serikali yenyewe ya Wabelgiji, lenye kutisha. Mji wa Stanleyville uligeuzwa kuwa Kisangani katika mwaka wa 1966. Mlima wa Ruwenzori wenye kilele cha mita 5,109 ungali ukiitwa Stanley.

Je, jina lililofutwa mijini liliingiaje majumbani? Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza na Wamarekani walianza kuwaita watoto wao Stanley kwa jina la kwanza, na sifa za msafiri huyo zilichangia. Likawa miongoni mwa majina ya Kizungu ambayo Mwafrika aliweza kuyachagua ubatizoni. Wakatoliki wa Kagera wanalo Stanslaus, na aghalabu watu huyachanganya majina haya. Lakini Stanslaus ni jina la watakatifu wa Poland, nalo lina habari za utukufu, si za mawe.

Na hapa ndipo jina lilipogeuka tena. Mnyambo wa zamani alipewa jina lake peke yake, lisilo la babaye. Ukoo, *oruganda*, haukuandikwa katika jina. Ulijulikana kwa mwiko wake, *omuziro*. Mhinda, wa ukoo wa wafalme, alijulikana kwa tumbili. Shule na ofisi za kodi zilidai zaidi ya jina moja, na desturi ya Tanzania ikawa jina lako, la baba, na la babu. Stanley, jina la ukoo huko Uingereza, likawa la ubatizo kwa babu, kisha likarudi kuwa la mwisho kwa mjukuu. Lakini halirithiwi: mtoto wa mwanafunzi wangu hatakuwa Stanley. Tena ndugu yake mkubwa, aliyeandikishwa na mwalimu mwingine, hubeba jina la Kinyambo la babu yuleyule, na katika shauri la shamba la migomba ndugu hao wawili walitakiwa kuthibitisha ya kuwa ni tumbo moja.

Mwanafunzi alipotoka likizo alinionyesha daftari. Bibi yake alikuwa amemtajia ukoo, mwiko, na majina ya mababu sita kwa mfululizo. Fomu alikuwa amekwisha kuirudisha, Stanley katika kisanduku cha tatu.