Naivasha, ziwa linalohama ufuo

Mkazi wa Nairobi akitaka kupunga hewa bila kwenda mbali, mara nyingi huelekea Naivasha. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, barabara ikiteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Katika maziwa ya bonde hilo nchini Kenya, hakuna lililo juu kama hili: takriban mita 1,880 kutoka usawa wa bahari.

Mito ya Malewa na Gilgil humwaga maji humo, na hakuna mto unaotoka. Ziwa la namna hiyo kwa kawaida huwa la magadi, kama Nakuru na Elmenteita yaliyo jirani. Naivasha lina maji baridi kwa sababu sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi.

Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe hapa muda mrefu kabla ya Mjerumani Gustav Fischer kufika mwaka 1883 na msafara uliotoka pwani, Pangani. Mkataba wao na Waingereza wa mwaka 1904 uliwahamisha ili kuwapisha walowezi wa Kizungu, na ufuo ukawa mashamba na majumba ya starehe. Walowezi walitaka pia samaki wa kuvua kwa ndoana, ndipo katika miaka ya 1920 wakaletwa samaki aina ya bass kutoka Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndege za majini kutoka Uingereza zilitua hapa, na abiria wakamalizia safari ya Nairobi kwa gari.

Siku hizi wageni hukodi mashua kutazama viboko, tai na mafunjo; mamba hawamo. Wengine hutembea kwa miguu kati ya twiga na pundamilia katika Kisiwa cha Crescent, ambacho ni ukingo wa kreta iliyozama na ambako kina cha ziwa ni kirefu kuliko kwingine. Kusini kuna Elsamere, nyumba ya Joy Adamson, mwandishi aliyemlea simba Elsa, na Hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa mwaka 1984, ambako watu huendesha baiskeli kati ya wanyama.

Ufuo wenyewe haujawahi kutulia. Katika miaka ya 1890 maji yalikuwa juu sana. Katikati ya karne ya 20 yakapungua mno. Mwaka 2009 ukame uliyarudisha nyuma, watu wakalima na kulisha mifugo palipokuwa na maji. Mwaka 2020 yalipanda, yakaingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto na kuzihamisha familia nyingi.

Kwa hiyo anayepima kiwanja kando ya Naivasha asiulize tu maji yako wapi leo. Aulize yalifika wapi zamani, na ajenge juu ya alama hiyo. Serikali nayo isiidhinishe nyumba chini yake.