Jicho la Kamera na Mzee wa Eldoret

Kamera husema kwa njia tatu. Husema kwa umbali: ikisimama mbali huonyesha nchi na watu wake, ikisogea karibu huonyesha huzuni au furaha katika uso wa mtu mmoja. Husema kwa pembe: ikitazama kutoka chini humkuza mtu, ikitazama kutoka juu humpunguza. Tena husema kwa mwendo, kwani imfuatapo mtu, mtazamaji naye huwa kama atembeaye. Lugha hii si ngumu. Lakini ulikuwako wakati ambapo baadhi ya Waingereza walidai kuwa Mwafrika wa kijijini hawezi kuifahamu.

Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika. Makao yao yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na gari lao la sinema lilifika mpaka Kenya na Uganda. Mwaka wa 1939 Serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni, ambamo William Sellers, aliyekuwa amepiga picha za mafunzo ya afya Nigeria, alikuwa kiongozi. Sellers alifundisha kwamba kwa watazamaji wa namna hiyo picha iende polepole, kamera itulie, na hadithi isiruke kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Ikasimuliwa sana habari ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa, wakajibu kuwa kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile.

Hata hivyo, ushahidi mwingine ulikuwapo. Mwaka wa 1929 mwanasayansi Julian Huxley alizuru Afrika Mashariki, akawaonyesha wanafunzi sinema, kisha akasoma insha walizoandika juu ya yale waliyoyaona. Insha hizo zilimthibitishia kwamba wamefahamu. Basi kosa la wale wengine lilikuwa kuuita ugeni upungufu. Asiyewahi kuona herufi si mpungufu wa akili, hajafundishwa tu.

Jambo hilo lilidhihirishwa Eldoret. Mwezi wa Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bure nchini Kenya, mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo. Aliaga dunia mwaka wa 2009, na mwaka wa 2010 ikatoka filamu ya maisha yake, *The First Grader*, iliyoongozwa na Justin Chadwick na kupigwa nchini Kenya. Oliver Litondo, Mkenya, alicheza nafasi ya mzee huyo. Mengi aliyoyakataza Sellers yamo humo: uso mmoja hujaza kitambaa chote, na darasa la leo hukatizwa ghafula na mateso ya miaka ya Mau Mau. Hakuna adhaniaye kuwa kichwa kile kimetengana na kiwiliwili chake.

Ewe mwanafunzi, utazamapo sinema, jiulize kamera imesimama wapi, na ni nani aliyeisimamisha pale. Jicho hujifunza kusoma, kama mzee Maruge alivyojifunza, na halina umri wa kuchelewa.