Taa ilikuwa nzima, shida ilikuwa choki

Wasee, mnaonifuata mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na nilikuwa nasomea mambo ya stima. Kwa hivyo hii msiichukue kama lekcha. Niliifunzwa na mjomba wangu hapa Kitui, ambaye ni fundi, kupitia taa moja ndefu ya kioo iliyokuja na mitumba ya vyombo kutoka Uingereza.

Taa yenyewe ni ya sodiamu, presha ya chini, wati 35. Philips waliweka aina hii barabarani Uholanzi mwaka wa 1932, kati ya Beek na Geleen. Waingereza wakaipenda sana, mpaka barabara zao usiku zikawa manjano kama ute wa yai. Haikuwa ujinga. Zile kubwa za baadaye zilitoa karibu lumeni 180 kwa kila wati, kiwango ambacho LED zimefika juzijuzi tu.

Lakini historia ikisimuliwa, sifa zote zinaenda kwa taa. Mimi naona shujaa ni lile sanduku zito la shaba kando yake. Taa ya gesi haina breki. Ikishawaka inavuta stima zaidi na zaidi hadi ijichome, kwa hivyo choki ndiyo inaishika. Halafu sodiamu ina kiburi kingine: volti 240 za ukutani hazitoshi kuiamsha. Inataka kama 400. Waingereza walitumia transfoma maalum iliyopandisha volti taa ikiwa baridi, kisha ikazishusha ikishawaka.

Sasa LED zikaja, sodiamu zikang'olewa, na Philips wakaacha kuzitengeneza mwishoni mwa miaka ya 2010. Transfoma zikauzwa kwa kilo. Shaba ni shaba, buda, na sisi Wakenya tunajua: Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere (hapo Tana, mpakani kwetu) ilianguka, nchi ikaingia giza, na serikali ikasimamisha biashara ya vyuma kuukuu. Ndiyo maana taa ilimfikia mjomba ikiwa pekee, yatima.

Mama anauza mboga, na alikuwa anafunga kibanda saa moja kwa sababu ya giza, wakati wateja wa kutoka kazini ndio wanafika. Mjomba akasema atamwashia dadake hiyo taa.

Kwanza alijaribu choki ya tyubu ya kawaida. Zii. Akaleta ya sodiamu ya presha ya juu, wati 70, pamoja na ignita yake. Ikawaka nyekundu dakika kadhaa (hiyo ni neoni, sodiamu ikingoja kupata joto) kisha manjano safi. Mimi nikapiga makofi. Yeye akapima, akakuta karibu amperi 1, akazima haraka. Taa hiyo inataka 0.6. Manze, mimi ningeiacha hivyo mpaka ife, kisha niseme vitu vya mitumba ni bure.

Jibu lilikuwa choki ya taa ya zebaki ya wati 50. Jina tofauti, gesi tofauti, lakini amperi ni zilezile 0.6. Akaitafutia ignita, ikakaa sawa. Wengine wanaita hiyo kubahatisha kwa jua kali. Alikuwa anasoma namba, wasee. (Na msijaribu nyumbani. Hizo volti zinaua, na sodiamu ikipasuka ikakutana na maji inashika moto.)

Jioni ya kwanza, mama akasimama chini ya taa akaangalia meza yake. Mwanga huo ni rangi moja tu, nanomita 589, hakuna nyingine. Sukuma ilikuwa nyeusi. Nyanya zilikuwa kama zimeoza. Noti ya mia mbili na ya elfu, rangi moja.

"Uyu muniondolee," akasema.

Siku hizi kibanda kina balbu ya LED na mama anafunga saa tatu. Ile ya sodiamu iko kwa boma la mbuzi, bado kwenye choki ya zebaki, na inawaka kila usiku.