Mwaka 1927: Nyimbo za Milimani na Jina Juu ya Santuri

Muziki wa kantri wa Marekani haukuzaliwa siku moja. Ulikuwamo vinywani mwa watu kabla haujapata jina: katika nyimbo za masimulizi zilizovuka bahari pamoja na wahamiaji kutoka Uingereza, Uskoti na Ayalandi, katika nyimbo za kanisani, katika nyimbo za kazi za Waamerika Weusi, na katika banjo, ala yenye asili ya Afrika Magharibi. Hata hivyo, wanahistoria wakitafuta pa kuanzia, wengi hutaja mwaka 1927. Kati ya Julai na Desemba mwaka huo yalitokea mambo matatu katika miji mitatu: Bristol, Camden na Nashville. Ninayatazama hapa kwa jicho la mtunga mashairi, kwa sababu yote matatu yanazua swali linalotuhusu sisi wenye kutunga: wimbo ukitoka kinywani ukaingia katika santuri, huandikwa jina la nani?

Bristol ni mji ulio juu ya mpaka wa majimbo mawili, Tennessee na Virginia. Barabara yake kuu ndiyo mpaka wenyewe. Mwishoni mwa Julai 1927 alifika hapo Ralph Peer, mtu wa biashara ya santuri, kwa niaba ya kampuni ya Victor. Yeye na mafundi wake walitundika mablanketi ukutani ndani ya jengo lililokuwa la biashara ya kofia, wakaweka maikrofoni, wakangoja waimbaji. Kurekodi kwa umeme kulikuwa jambo la miaka miwili tu. Zamani mwimbaji alilazimika kupaza sauti mbele ya pembe la chuma. Sasa hata aliyeimba kwa upole, kama mtu abembelezaye mtoto, aliweza kusikika.

Siku za kwanza waliokuja walikuwa wachache. Kisha gazeti la mjini likaeleza ni dola ngapi Ernest Stoneman, fundi seremala aliyekuwa akiimba, alikuwa akizipata kwa santuri zake. Habari hiyo ikapanda milima upesi. Watu walishuka kwa treni, kwa gari na kwa miguu, kila mmoja na fidla yake au gitaa lake. Hadi tarehe 5 Agosti vilikuwa vimerekodiwa vipande 76 vya makundi 19.

Hapa inafaa tuielewe biashara ya Peer, kwani ndiyo iliyoathiri utunzi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilimpa mwenye wimbo senti 2 kwa kila nakala ya santuri iliyotengenezwa. Peer aliafikiana na Victor kwamba faida yake itokane na hakimiliki za nyimbo. Wimbo wa kale unaojulikana na kila mtu haukuwa na mwenyewe, kwa hiyo haukumletea kitu. Alichokitaka ni wimbo mpya, au wa zamani uliogeuzwa kiasi cha kuweza kusajiliwa kwa jina la mtu aliye hai. Manju wa milimani, ambaye sifa yake ilikuwa kuukumbuka wimbo kama alivyoupokea kwa bibi yake, sasa alilipwa kwa kuubadilisha.

Tarehe 1 Agosti waliingia watu watatu kutoka Maces Spring, Virginia: A. P. Carter, mkewe Sara, na shemeji yao Maybelle, binti wa miaka 18 aliyekuwa mjamzito. Katika siku mbili walirekodi nyimbo sita. Sara aliimba kwa sauti nzito isiyo na mapambo. Maybelle alipiga kiini cha wimbo kwa kidole gumba kwenye nyuzi nene za gitaa, huku vidole vingine vikishika mwendo kwenye nyuzi nyembamba. Mtindo huo umeigwa na wapiga gitaa wengi mno tangu wakati huo.

Siku mbili baadaye akaja Jimmie Rodgers, mzaliwa wa Mississippi, mfanyakazi wa zamani wa reli aliyekuwa na kifua kikuu. Alifika Bristol na bendi, lakini aliingia mbele ya maikrofoni peke yake, kwa sababu walikuwa wamegombana juu ya jina litakaloandikwa kwenye santuri. Tarehe 4 Agosti wenzake walirekodi kama Tenneva Ramblers, naye akarekodi nyimbo mbili kwa jina lake mwenyewe. Leo wenzake wanakumbukwa zaidi kwa ugomvi ule kuliko kwa muziki wao.

Tarehe 30 Novemba Rodgers alikuwa Camden, New Jersey, katika studio ya Victor, akarekodi wimbo wake wa kwanza katika mfululizo wa Blue Yodel. Umbo la ubeti wake ni lile la bluzi za Waamerika Weusi: mshororo wa kwanza, mshororo huohuo ukirudiwa, kisha wa tatu unaojibu. Mishororo mingi ya bluzi haikuwa na mtunzi anayejulikana; ilielea kutoka kwa mwimbaji hadi kwa mwimbaji kama methali zinavyoelea kwetu. Rodgers aliichagua, akaipanga, akaongeza yake, na kati ya ubeti na ubeti akaitia sauti inayoruka ghafla kutoka kifuani hadi utosini. Santuri iliuzwa kwa wingi mkubwa, nalo jina lililoandikwa kwa mtunzi lilikuwa lake.

Carter naye alirudi milimani kutafuta nyimbo zaidi. Tangu 1928 aliandamana na mpiga gitaa Mweusi, Lesley Riddle, aliyekuwa amepoteza sehemu ya mguu katika ajali kwenye kiwanda cha saruji mwaka uleule wa 1927. Waligawana kazi: walipoketi barazani mwa mzee mwenye wimbo, Carter aliandika maneno, na Riddle aliuhifadhi mwendo wa sauti kichwani hadi nyumbani. Nyimbo nyingi zilisajiliwa kwa jina la Carter. Wildwood Flower, uliorekodiwa 1928 na kupewa jina lake, ulitokana na wimbo uliochapishwa mwaka 1860. Riddle hakuwa na jina kwenye santuri. Alihamia kaskazini katika miaka ya 1940, na ni katika miaka ya 1960 tu ambapo mtafiti Mike Seeger alimtafuta na kuirekodi sauti yake.

Tukio la tatu lilikuwa Nashville, mwezi wa Desemba, katika kituo cha redio cha WSM. Mtangazaji George D. Hay alipokea zamu baada ya kipindi cha muziki wa Ulaya. Akamwita DeFord Bailey, kijana Mweusi mfupi wa umbo, aliyepuliza kinanda cha mdomo hadi msikilizaji akaiona treni ikija, ikipiga honi na kupotelea mbali. Hapo Hay akasema kwamba baada ya opera kuu sasa ni zamu ya “Grand Ole Opry”, akilitamka neno “opera” kwa lafudhi ya kijijini. Dhihaka ikageuka kuwa jina, na kipindi hicho kinaendelea hadi leo. Bailey aliachishwa kazi mwaka 1941, wakati vituo vya redio vilipogombana na chama cha watunzi na wachapishaji juu ya ada: vipande vyake vilivyojulikana vilikuwa chini ya chama hicho, na havikuweza kupigwa hewani. Mtu ambaye treni yake ilitangulia kutolewa kwa jina la kipindi alinyamazishwa na karatasi za umiliki. Aliingizwa katika orodha ya heshima ya muziki wa kantri mwaka 2005, miaka 23 baada ya kufa.

Utamaduni wetu nao una kanuni zake kuhusu jina. Watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za mwisho, jina likiwa limefungwa ndani ya vina na mizani, mahali ambapo mwizi angelazimika kuuvunja ubeti ili alifute. Na yule anayehifadhi hakusahauliwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangepotea kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu. Na anayemtaja Muyaka kwa haki humtaja na Sikujua. Riddle alikuwa Sikujua wa milima ile, ila fomu ya hakimiliki haikuwa na nafasi ya mtu wa aina yake. Iliuliza nani ametunga. Haikuuliza nani amekumbuka.

Sisi pia tumeingia katika zama za fomu. Mtafiti anayerekodi nyimbo za harusi au za mavuno huandika kwa kawaida jina la aliyeimba siku ile na jina lake mwenyewe. Bibi aliyemfundisha mwimbaji hubaki nje, na miaka thelathini baadaye hakuna awezaye kumrudisha. Ni jambo dogo kuuliza swali moja zaidi kabla ya kuzima kinasa sauti: wimbo huu umeupokea kwa nani?

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri za Kiswahili zikaanza kupata soko. Gramafoni zilienea Afrika Mashariki, na pamoja nazo zikafika santuri za Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipokuwa akirekodi nyimbo katika nchi ya Wakipsigis, nchini Kenya, aliwasikia wasichana wakimwimba kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, lililopita katika masikio na ndimi za Kikipsigis. Mtu aliyeachana na bendi yake kwa ajili ya jina kwenye santuri alipata jina jipya kwa watu ambao hakuwahi kuwaona, ndani ya wimbo ambao hakuutunga. Nao wasichana walioutia uhai wimbo huo walifahamika ulimwenguni, kwa miaka mingi, kama “wasichana wa Kikipsigis” tu.