Reli ya Kiti cha 504

Kila nilipopanda mlima, kiti cha dereva kiliteleza nyuma. Gari ni Peugeot 504 ya marehemu babu, ile ya safu tatu za viti, iliyokuwa matatu ya Nakuru–Nairobi. Nikaipeleka Grogan. Kwenye ramani ni Barabara ya Kirinyaga, lakini mafundi bado wanatumia jina la yule mlowezi.

Mzee mmoja alifungua bolti, akaking'oa kiti na kukipindua. Reli ya kushoto ilikuwa imepinda, kwa hivyo jino la kufungia halikuingia vizuri kwenye tundu lake.

"Hapa dereva alikuwa anagawana kiti na abiria," akasema.

Nikakataa. Kwetu inajulikana babu hakuwahi kujaza gari. Mzee akacheka: "Basi mbona imepinda upande wa abiria peke yake?"

Sikuwa na jibu, ila historia inalo. Mwaka wa 1973, Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila leseni maalum. Ushindani ukawa mkali, na kichwa kimoja zaidi kikawa faida. 504, iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978, ilisifika kwa kuvumilia barabara zetu. Tukadhani itavumilia chochote. Ni hadi Februari 2004, sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa, ndipo serikali ilipokaza kamba: kila abiria na kiti chake, na mkanda wake.

Mzee alisugua kutu, akaipangusa reli kwa petroli, akaichunguza kwenye jua. Ingekuwa na ufa, alisema, angeitupa. Ukifunga breki ghafla, reli hiyo ndiyo inakushikilia. Hakuona ufa. Akaibana kwenye jiriwa na kuinyoosha polepole, bila moto, akiilinganisha kila mara na ile ya kulia. Haraka hapo ingeipasua. Mwishowe akapaka grisi, akarudisha kiti, akakisukuma mbele na nyuma. Jino likaingia: ka!

Jioni nikampigia baba. Nikamuuliza kama ni kweli babu alikuwa anabeba mtu kwenye kiti chake mwenyewe.

Akanyamaza kidogo.

"Tulikuwa watoto saba," akasema. "Unadhani karo ilitoka wapi?"