Mgomo Usio na Chama: Tarehe ya Kazi Chini ya Mlima Meru

Mji wa Arusha ulianza kwa kazi ya lazima. Kati ya 1899 na 1900 Wajerumani waliwakusanya Waarusha na Wameru wawajengee boma, jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Waliobeba mawe yale hawakuja kutafuta mshahara. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, huko Meru. Kapteni Johannes wa Kijerumani akaja na jeshi, akachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, alinyongwa huko kwake pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na Arusha. Walionusurika ndio waliotakiwa kujenga.

Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza 1898, na asiye na rupia aliilipa kwa jasho. Kuanzia 1904 na 1905 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini, na mwaka uliofuata Wajerumani waliokuwa wakiishi Urusi. Mashamba yao yaliuzunguka mlima upande wa chini, yakawatenga wenyeji na malisho ya tambarare. Walowezi walitazamia kwamba mtu aliyebanwa ardhi angekuja mwenyewe kuomba kibarua.

Hakuja. Mwameru alikuwa na kihamba chake cha migomba, Mwarusha alikuwa na mahindi, maharage na mifugo. Ikifika kodi, aliuza mbuzi au ng'ombe, akalipa, akarudi kwake. Mtu anayekula kwake haamki kwa filimbi ya mnyapara. Ikabidi vibarua watafutwe mbali: Warangi wa Kondoa, Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida. Katika miaka hiyohiyo, Julai 1905, Wamatumbi walikwenda Nandete wakang'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Maji Maji ikaanza. Kusini walikataa kwa vita. Meru, iliyokwisha kunyang'anywa ng'ombe na viongozi wake, ilikataa kwa kubaki nyumbani. Huo nao ni mgomo, ingawa haukuwa na katibu wala mkutano.

Waliotoka mbali hawakuwa na kihamba cha kukimbilia. Wao walifungwa na kipande, kadi ndogo yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, nafasi moja inatiwa alama. Ukiugua, au mnyapara akisema kazi haikutimia, nafasi inabaki tupu na siku imepotea. Mshahara ulitoka kadi ikijaa, na katika mashamba mengi kadi ilitakiwa ijae ndani ya siku 42. Mwaka 1923 serikali ya Waingereza, waliotwaa nchi kutoka kwa Wajerumani, ilitunga sheria ya mabwana na watumishi: kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha likawa kosa la jinai. Mtu aliyechoka hakuwa na chama cha kumsemea, basi aliondoka usiku. Katika vitabu vya serikali aliandikwa mtoro. Tukimwita mgomaji hatutakosea, kwa kuwa alifanya jambo lilelile: alimnyima tajiri nguvu zake. Idara ya Kazi ya serikali hiyo iliundwa 1926 chini ya ofisa Orde-Browne, ikafutwa 1931 mdororo wa uchumi ulipobana bajeti.

Huku mlimani silaha ya wenyeji ikawa kahawa. Kilimanjaro, wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na katika miaka hiyo Wameru na Waarusha nao walikuwa wakipanda miche yao. Walowezi walilalamika kwamba kahawa ya wenyeji ingeleta wadudu na wezi, lakini walijua vizuri kwamba mwenye kahawa yake hachumi ya jirani kwa senti. Reli ilipofika Arusha 1929 ilibeba magunia ya pande zote mbili.

Mgomo wenye sauti ulitoka bandarini. Makuli wa Dar es Salaam waligoma 1939, na Septemba 1947 mgomo wao ukasambaa kufuata Reli ya Kati. Miaka minne baadaye Meru ilisimama tena: Novemba 1951 serikali iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 wa Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Nyumba zikachomwa. Wengi walikataa fidia, wakakataa na eneo walilopangiwa, na 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet akafikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Waliijua vema hesabu yao: ukipoteza shamba, unapoteza na uwezo wa kukataa kazi mbaya.

Hesabu hiyo haijabadilika. Wengi wanaokata maua na kuchuma kahawa leo kandokando ya Meru hawana kihamba cha kurudia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliwapa haki ya kugoma kwa utaratibu, ila ikakataza wagomaji kuweka ulinzi langoni kuwazuia wengine wasiingie. Babu zao waliweza kugoma kila mtu peke yake kwa sababu walikuwa na ardhi. Wafanyakazi wa leo hawawezi. Kwa hiyo ndugu uliye shambani, kama hujajiunga na TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, au chama kingine cha wafanyakazi, jiunge, na uisome sheria hiyo kabla hujaihitaji.