Maziara, si "Eneo la Kupumzishia Miili"

Rasimu ya istilahi za serikali za mitaa imenifikia, na kwenye ukurasa wa huduma za mazishi nimekuta "eneo la kupumzishia miili". Maneno manne, kwa dhana ambayo wazee wa pwani waliibeba kwa neno moja! Nasikia wanakamati wanajivunia kwamba wamefuata asili: jina la Kizungu limetoka kwenye Kigiriki koimeterion, yaani mahali pa kulala. Ni kweli. Ila Wagiriki waliliita hivyohivyo hata bweni, kwa hiyo wanafunzi wetu wa bweni wakae chonjo. Kupumzisha ni tafsida, na tafsida mahali pake ni matangani. Ubao wa manispaa unataka jina. Afadhali hata wanahabari na "makao ya milele" yao, ingawa sijui milele hiyo wameitoa wapi, maana Waislamu na Wakristo wote wanaozikwa humo wanangoja kufufuliwa.

Jina ni maziara.

Mzizi wake ni ule wa Kiarabu uliotupa kuzuru na ziara. Waajemi nao wana mazar, kaburi tukufu linaloendewa na watu. Mji wa Mazar-i-Sharif, Afghanistan, umeitwa hivyo kwa ajili ya kaburi linalonasibishwa na Sayyidna Ali. Lamu, wakati wa Maulidi, watu hufanya ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha, aliyefariki mwaka 1935. Hakuna aliyewapa semina ya istilahi. Na anayedai kwamba kuzuru na kaburi ni maneno yasiyojuana, afungue Sura ya At-Takathur, aya ya pili: mizizi yote miwili imo, bega kwa bega.

Baadaye wanasiasa wakaliteka neno ziara. Siku hizi ni ya waziri, ina msafara na king'ora. Maziara yakabaki na wafu, na mtengano huo ndio faida yetu, kwa sababu makaburi yametushinda kazi. Kichwa cha habari kikisema "Halmashauri yaongeza makaburi mawili", msomaji ajue nini? Yamechimbwa mashimo mawili, au vimetengwa viwanja viwili vya kuzikia mji mzima? Andika "maziara mawili yenye makaburi elfu moja", na hesabu imenyooka.

Bingwa mmoja, ambaye adabu inanizuia kumtaja, ameandika kwamba makaburi yenyewe ni maqabir ya Kiarabu, viwanja vya kuzikia, na kwa hiyo hatuna upungufu wowote. Mfanano wa sauti si nasaba. Makaburi ni wingi wa kaburi kama majina yalivyo wingi wa jina. Ma- hiyo ni yetu tangu kabla jahazi la kwanza halijatia nanga. Lau tungelichukua neno la Waarabu la mahali, maqbara, leo tungekuwa na makibara au kitu cha namna hiyo, na mimi ningekuwa na muda wa kuandika mambo mengine.

Wapo pia watetezi wa mava. Ni neno zuri, fupi, la wenyewe, wala sina ugomvi nalo. Lakini limekaa peke yake, halina kitenzi cha kulishika mkono. Maziara yana kuzuru: yanataja mahali, na papo hapo yanamkumbusha aliye hai wajibu wake.

Eti neno lina harufu ya msikiti? Kaburi nalo ni la Kiarabu, na halijapata kumzuia Mkristo kuzikwa. Magazeti ya Kenya yameandika "maziara ya Lang'ata", na Lang'ata wamelazwa watu wa kila dini.

Kuhusu matumizi: maziara haya yamejaa, tunakwenda maziarani, mlinzi wa maziara. Kaburi libaki kwa shimo la mtu mmoja. Inatosha.

Pendekezo hili niliwahi kulipeleka kwa maandishi. Lilirudi na maelezo ya mstari mmoja, kwamba neno "halifahamiki kwa vijana". Basi kamati inioneshe kijana mmoja anayemwambia mwenzake, "Nimetoka kwenye eneo la kupumzishia miili."